Kabla hujaandika jina lako kwenye namba ya gari, pita hapa kwanza

Msema Pweke (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdogo wangu kaniomba ushauri wiki hii. Kapata hela ya tenda, Prado anayo tayari, sasa anataka avue namba ya T, ile ya kawaida ya usajili, aweke jina lake. Nikamwambia njoo nyumbani tuongee, hakutokea. Basi naandika hapa, maana najua humu yumo na atasoma.

Mimi nilikuwa nayo. Jina silitaji, nikilitaja tu nusu ya Tabata mtanijua. Niseme ni la utani, herufi tano, nilipewa na wateja kwa sababu ya vifaa vya ujenzi ninavyouza. Mwaka 2018 mambo yalikuwa yamenyooka, nikaenda nikalipa milioni 10. Wanaokumbuka, ada ilikuwa milioni 5, bajeti ya 2016/17 ndiyo iliyoipandisha, na hiyo 10 ni ya miaka 3 tu. Kwa hiyo hujanunua kitu. Umepanga, kama mtu aliyepanga chumba Manzese, kodi ikiisha unatoka.

Gari lenyewe Harrier, ile mnayoiita tako la nyani. Chekeni mmalize tuendelee.

Miezi miwili ya mwanzo sikufichi, raha. Mlinzi wa hoteli anafungua geti sijapiga hata honi. Watoto wa mtaani wanaisoma kwa sauti, wanaunga silabi moja moja mpaka ieleweke, halafu wanakimbia. Kuna trafiki alinipigia saluti pale Ubungo, sijui alidhani mimi nani, nami nikaipokea.

Halafu ikaanza.

Kuna mzee mmoja alikuwa ananipa mzigo kwa mali kauli. Wakati huo alikuwa ananidai milioni sita na ushee, na mimi nilikuwa nazisubiri kwa mkandarasi. Jioni moja akapiga simu. Nikamwambia mzee wangu, niko Morogoro, keshokutwa nikirudi tunamalizana. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Sawa kijana wangu. Ila gari lako liko hapa Tabata kwa muuza chipsi, limebanwa na bajaji mbili, na taa ya nyuma ya kushoto haiwaki. Waambie uliowaazima wakutengenezee."

Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mshikaki mkononi, pilipili inaniwasha midomo. Hata hakushuka. Niliona tu kirikuu chake kinageuza kinaondoka taratibu.

Sasa jiulize, ingekuwa namba ya T angesoma nini? T mia nne na ngapi, D nani. Harrier nyeusi mji huu zimejaa. Watu hawakariri namba, wanakariri rangi, na rangi mnagawana na wengi. Jina huligawani na mtu.

Ukienda gereji, fundi anasoma namba kwanza ndipo anafungua boneti. Bushi ya elfu 40 inakuwa ya elfu 90 na anakuambia kabisa, "Bosi, wewe si mtu wa kuwekewa feki." Kamati za harusi ndiyo usiseme. Katibu anakuandikia ahadi wewe mwenyewe hujaahidi, ukilalamika anakujibu mbele za watu kwamba mtu wa kuandika jina kwenye gari hashindwi laki tano.

Barabara ya Morogoro nayo. Mnajua tochi ya kupima mwendo inavyokuwa, mpigaji kajificha huku, wanaosimamisha wako mbele, wanatumiana picha kwenye simu. Mtu mwenye namba ya T ana bahati yake, trafiki akiwa bado anakaza macho kwenye picha yeye kashapita. Langu halikuhitaji picha. Yule wa mbele alinisimulia mwenyewe huku akiniandikia ile elfu 30: mwenzake alipiga simu akataja jina, akakata.

Ila kilichonikosesha usingizi ni nyumbani. Usiku wa saa mbili hivi watu watatu nisiowajua wakagonga geti. Waliletwa na bodaboda. Hawakuwa na namba yangu ya simu wala hawajui naishi mtaa gani, walimwambia tu bodaboda "tupeleke kwa" wakataja jina la kwenye gari. Wema kabisa, walitaka kukopa bidhaa. Nikawapa maji, tukaongea, wakaondoka. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: na wasio wema, wanaletwa na nani?

2021 ikaisha muda. Bei za nondo zilikuwa zimepaa, wateja wote wanakopa, hiyo milioni kumi ya kuongeza miaka mingine mitatu nikaitazama nikaiacha. Habari ya kuitoa nitaileta baadaye, ina kisa chake.

Karibuni.

Kichwa Ngumu

Chai. Nani anaweka milioni 10 kwenye tako la nyani?

Msema Pweke

Mimi. Ndiyo maana naandika.

Mhasibu wa Mtaa

Kichwa Ngumu acha, wapo. Mimi nimefanya hesabu tu. Milioni 10 gawa kwa siku 1,095 ni shilingi 9,132 kwa siku. Kila ukiamka, hata gari likiwa juu ya mawe halina tairi, elfu tisa imeondoka. Ni kama lita tatu za petroli unazimwaga chini kila asubuhi halafu unanawa mikono unaenda kazini.

Na bima haikupunguzii, barabara haikupunguzii, trafiki ndiyo hivyo katuambia.

Dalali Asiyelala

Naomba niwape ya upande wa yadi, maana huku hamfikagi mpaka siku mna shida na hela.

Mteja wa gari Tanzania haanzi na kilomita. Anaanza na herufi. Namba C, namba D, namba E. Hiyo herufi ndiyo inamwambia gari limesajiliwa lini hapa nchini, na bei yote inajengwa juu yake. IST mbili zinazofanana kama mapacha, moja D ya mwanzo nyingine E, hizo si bei moja na hutamshawishi mtu vinginevyo. Sasa ukiniletea gari lina jina, mteja hana pa kuanzia. Anahisi kuna umri unafichwa. Mpaka umtolee kadi, na mtu akishaomba kadi kabla hajaomba ufunguo ujue imani imeshatoka.

Niliwahi kupewa Crown, gari safi sana, kwenye namba kuna jina la binti wa mwenye gari. Tuseme Neema. Wateja wanne mfululizo. Wa kwanza anazunguka gari, anainama, anachungulia chini, anasimama, anauliza: "Sasa huyu Neema ni nani, na kwa nini baba yake anauza?" Wa pili hivyohivyo. Watu wanaogopa, wanasema labda mtoto kafariki, gari la msiba hilo. Neema mzima, yuko chuo Dodoma. Ndani ya wiki tatu tumeshusha milioni moja na nusu, na bado ikabidi kwanza irudishwe kwenye namba ya T ndipo ikauzika.

Hata picha za mtandaoni shida. Madalali tunaziba namba kwa kidole gumba wakati wa kupiga. Lile gari nimeziba, mtu akaandika chini ya picha: "Hii si ya baba Neema hii?"

Mama Wawili

Mimi ni mke wa mwenye namba. Jina la mume wangu liko mbele na nyuma, ila anayeendesha kila siku ni mimi, yeye anatumia ya ofisini.

Vioo vyangu vina giza. Watu wananipungia barabarani wakidhani ni yeye, mimi siwajui, napita. Jioni anapigiwa simu: siku hizi umekuwa mkubwa, hupungi mkono. Kuna shemeji yake alinuna miezi minne, tukaja kugundua siku ya msiba kwamba alinipungia Mwenge nikampita. Ikabidi nisimame nimwombe radhi mbele ya watu kwa kosa la kutomjua.

Na nikikwaruza mtu kidogo tu sokoni, habari inafika nyumbani kabla yangu. Tena haisemwi mama fulani kagonga. Inasemwa fulani kagonga.

Kichwa Ngumu

Mama Wawili hiyo ya shemeji nimeiamini. Ya Msema Pweke bado natafakari.

Mbeba Boksi

Niwasalimu kutoka Leicester. Huku Uingereza namba za hivi ni kitu cha kawaida, hata fundi bomba anayo. Wanaosimamia usajili, DVLA, wanaziuza wenyewe, za chini zinaanzia pauni 250, na zile za mnada zinapaa mpaka unajiuliza. 25 O ilikwenda pauni 518,000 mwaka 2014, aliyeinunua ni mfanyabiashara wa magari ya Ferrari.

Ila huku huandiki jina unavyotaka kama huko nyumbani. Lazima lifuate mpangilio wao wa herufi na tarakimu. Kwa hiyo watu wanalazimisha, 5 inasomwa S, 1 inasomwa I, sifuri inakuwa O. Kikishindikana kusomeka, mtu anasogeza nafasi za herufi au anaweka skrubu nyeusi mahali ili herufi igeuke nyingine. Hapo ndipo wanapomkamata. Faini inaweza kufika pauni 1,000 na kwenye ukaguzi wa kila mwaka gari linafelishwa. Nina jirani Mhindi hapa, mzee mstaarabu kabisa, alifelishwa kwa ajili ya skrubu moja.

Dalali, ile hoja yako ya herufi huku ipo pia. Namba za mpangilio wa sasa, ulioanza Septemba 2001, zinabeba mwaka ndani yake, kwa hiyo wengi wanaweka ya jina ili kuficha uzee wa gari. Sheria inaruhusu kulifanya gari lionekane la zamani, kulifanya lionekane jipya kuliko lilivyo hairuhusu.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni ajali. Gari likihesabiwa limekufa, bima wakalichukua wewe hujaitoa namba yako mapema, unaweza kujikuta namba nayo imekwenda na chuma chakavu. Kuna mtu wa kazini kwetu alipoteza hivyo namba yenye herufi za jina la marehemu mama yake. Gari hakulilia.

Mswahili wa Deira

Huku Dubai hatuna habari ya majina, ni tarakimu, na zikiwa chache ndiyo heshima. Aprili 2023 namba P 7 ilinunuliwa kwenye mnada dirhamu milioni 55. Hela ilikwenda kwenye sadaka ya chakula, kwa hiyo mtu alipata na thawabu. Sisi madereva tunachojua ni kwamba ukiona gari la tarakimu mbili linakuja nyuma, unahama njia, unamwachia. Gari lenyewe lisikutishe, gharama za kuligusa ndizo za kutisha.

Fundi Kompyuta

Wakuu, kuna kisa cha Marekani lazima kiingie kwenye uzi huu.

California kuna mtaalamu wa usalama wa kompyuta alichukua namba NULL. Kwa wasioandika programu, hilo neno kwenye mfumo maana yake hapa patupu, hakuna kilichojazwa. Alifanya kwa utani, akiwaza labda mifumo ya faini itashindwa kumsoma. Ikawa kinyume. Kila askari au mgambo wa maegesho aliyeandika faini akasahau kujaza namba, mfumo uliona patupu, ukatafuta gari la patupu, ukamkuta yeye. Faini za magari asiyoyajua, za miji asiyofika, zikamiminika mpaka zikapita dola 12,000. Alikwenda kukisimulia mwenyewe 2019 kwenye mkutano wa wadukuzi Las Vegas, watu wanacheka mpaka machozi.

Na hakuwa wa kwanza. Mwaka 1979 kuna bwana wa Los Angeles alipewa fomu yenye nafasi tatu za kuchagua jina la namba. Yeye mpenzi wa bahari, akaandika SAILING, ya pili BOATING. Ya tatu hakuwa na wazo, akaandika NO PLATE, akimaanisha kama hizo mbili zimeshachukuliwa basi sitaki. Wakamtengenezea inayosomeka hivyohivyo, "hakuna namba". Na askari wao wakikuta gari lililotelekezwa halina kibao, kwenye karatasi wanaandika nini? Alipokea notisi kama 2,500.

Sasa turudi kwetu. Deni la faini unalitafuta kwa kuandika namba ya gari. Maegesho ya TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, ni namba ya gari. Namba ya T mtu aliyekuona akifika nyumbani kashaisahau. Ya jina, jirani yako anayekuonea kijicho anaweza kukaa kitandani kwake saa nne usiku akaangalia unadaiwa faini ngapi. Simsingizii mtu. Mimi mwenyewe nimeshamwangalia bosi wangu.

Dereva wa Bosi

Mkuu Fundi Kompyuta umeniua mbavu.

Mimi naendesha la mwenye jina. Nyie mnalalamikia mishikaki, jiulizeni sisi. Zamani nikimshusha bosi uwanja wa ndege, kurudi mjini nabeba watu wawili watatu, siku imepita. Alipoweka jina tu, wiki ya kwanza akapigiwa: tumekuona Vingunguti umejaza abiria, vipi, biashara imeyumba? Yeye wakati huo yuko Mwanza.

Kichwa Ngumu

😂😂 biashara imeyumba

Jirani wa Mombasa

Hamjambo ndugu zetu. Kwetu Kenya NTSA, ndio wasajilio magari, ada yao ni milioni moja, za Kenya hizo, kwa hiyo wenye kuzitia ni wachache, nao twawajua wote. Hapa mtaani kuna mmoja alitia jina la mkewe. Ikapita miaka, akaoa bi mdogo, na gari ni hilo hilo moja. Siku ya kumpeleka mwari fungate Diani, watu wamejipanga kivukoni Likoni wasoma jina la bi mkubwa mbele, na nyuma vilevile. Bi mdogo akashuka kwenye feri, akasema yeye atangoja teksi.

Mhasibu wa Mtaa

Uzi umekolea. Msema Pweke tuletee kile kisa cha kuitoa, ulikiahidi.

Msema Pweke

Nimerudi wakuu, nilikuwa dukani nafunga hesabu.

Nilidhani kuitoa ni kupumua. Siku namba ya T imerudi sikufika hata Buguruni. Mtu wa kwanza: "Vipi, umeuza?" Nikasema sijauza, nimebadilisha namba tu. Akasema, "Aaaah." Hiyo aaaah mliisikia? Ilitembea kuliko gari. Jioni ile ile shemeji yangu wa Kigogo kapiga simu kumpa pole mke wangu, anauliza kama nyumba bado yetu.

Waliokuwa wananipa mzigo kwa mali kauli wakaanza kutaka taslimu. Hawasemi kwa ubaya, wanasema "nusu tu kwanza, siku hizi hali unaijua." Mkandarasi mmoja niliyefanya naye kazi miaka mitano akahamia duka la jirani bila kuaga. Nilipomfuata akaniambia ukweli: alisikia nimefilisika, akaogopa kuacha hela ya oda kwangu. Ilinichukua kama mwaka watu waanze kuniamini tena. Yaani kuiweka nililipa milioni kumi ikajulikana bei yake, kuitoa mpaka leo sijui nililipa ngapi.

Mdogo wangu hili ndilo nilitaka ulisikie uso kwa uso. Hayo ya tochi na mishikaki ni ya kuchekesha. Unapoiandika unawaambia watu hesabu yako ilivyo. Siku unapoiondoa wanajijibu wenyewe.

Na jingine dogo, mnicheke tu. Miaka mitatu sikuwahi kukariri namba yangu ya T. Wiki ya kwanza nimeegesha Mlimani City, natoka na mifuko, nyama inavuja maji, Harrier nyeusi kila kona. Nabonyeza rimoti, betri yake imekufa. Mlinzi kanifuata: "Mzee, namba yako ngapi nikusaidie kutafuta?" Nikasimama. Sijui. Nikatamani kumwambia jina.

Kichwa Ngumu

Sasa nimeamini. Hiyo ya nyama kuvuja maji huwezi kuitunga.

Prado Nyeupe

Kaka shikamoo. Nimesoma yote tangu juu. Tatizo nilishalipa Jumanne.

Msema Pweke

Marahaba. Umeandika nini?

Prado Nyeupe

Jina la ukoo kaka.

Msema Pweke

La ukoo?? Si hilo hilo langu, la baba, na la shangazi anayedaiwa vikoba? Nipigie simu sasa hivi.

Mtazamaji Tu

Mimi huwa sichangii humu, nasoma tu, ila leo imebidi nijisajili.

Chuma, kijana wangu. Ile taa ya kushoto ulitengeneza?